Legeza ipi?

Kila asubuhi motokari ya jirani yangu ililia: resori ya tandere imechoka, kuruwa inateleza. Akanunua tandere mpya, akaamua kuifunga mwenyewe uani, fundi akimwongoza kwa simu. “Weka kle kwenye bulo ya tandere, legeza.” Jirani akafungua bulo. Kumbe fundi alitaka azungushe mkono wa tandere kwa kle, resori irudi nyuma na kuruwa itoke kwanza. Tandere ikaruka, ikamchuna vidole.

Wenzangu kitivoni watalaumu Kifaransa. Sikubali. Tandere, kuruwa, bulo, kle: kwa maneno hayo walielewana vizuri. Kilichowapoteza ni kitenzi chetu wenyewe, kulegeza, ambacho ni kupunguza mkazo na pia kufungua bulo.

Nasi tunashindana kubuni majina. “Kikaza mkanda” ni jina zuri, lakini lisingeokoa hata kidole kimoja. Afadhali mmoja wetu, kwa kazi yake ya mwisho wa masomo, akae garaji mwezi mzima aandike vitenzi: nani husema kulegeza, kufungua, kurudisha, na mkono wake unafanya nini wakati huo huo.

Motokari hailii tena. Jirani bado anashika kalamu kwa mkono wa kushoto.