UNGA WA MADINI UPIMWE KWANZA NJOMBE

Kila apitaye Makambako, ajapo kwa gari moshi la TAZARA au kwa barabara kuu iendayo Tunduma, huuona kwa macho yake utajiri wa nyanda za juu: magunia ya mahindi, viazi, mbao na maparachichi yakingoja safari. Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula ana maghala hapo. Lakini uchunguzi wa afya wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba katika Mkoa wa Njombe watoto wapatao 50 katika kila 100 walio chini ya umri wa miaka mitano wamedumaa. Mkoa unaolisha wengine, nusu ya watoto wake hawakui ipasavyo.

Sababu za jambo hili ni nyingi, nasi hatusemi kwamba ni moja tu. Hata hivyo yajulikana kwamba mtoto hawezi kukua vyema bila zinki, na kwamba mahindi yaliyoota katika udongo wenye upungufu wa zinki huwa na zinki kidogo. Kwa hiyo ni lazima tuitazame kwa makini elimu mpya ya kilimo inayoenea duniani, yaani matumizi ya unga wa oksidi za madini kama zinki, shaba na chuma, uliosagwa hata chembe zake hazionekani kwa macho. Chembe hizo zina upana wa nanometa 1 hadi 100, hali unywele mmoja wa mtu una nanometa kama 80,000.

Faida zake si hadithi. Mwaka 2012 wataalamu wa India walitangaza kwamba mbegu za karanga zilizotiwa katika maji yenye gramu 1 ya oksidi ya zinki ya namna hii kwa kila lita ziliota vizuri na miche yake ikawa na nguvu. Majaribio mengine yameonyesha kwamba kiasi kidogo huusaidia mmea kustahimili ukame na chumvi, kwa kuwa huziamsha kinga zake za ndani. Mkulima wa Njombe, ambaye sakitu ya Juni na Julai huweza kumwunguzia viazi kwa usiku mmoja, hawezi kulaumiwa akitega sikio.

Lakini dawa ikizidi huwa sumu. Wataalamu wale wale wa India walipofikisha gramu 2 kwa lita, karanga zilirudi nyuma. Na kabla yao, mwaka 2007, majaribio yaliyofanywa Marekani yalionyesha kwamba kwa kiasi hicho hicho mizizi ya mimea sita, mahindi yakiwamo, karibu iliacha kabisa kurefuka. Kile kilichoamsha kinga za mmea kikizidi huzishinda, na mmea huungua kwa ndani.

Hapa ndipo penye neno letu. Kipimo kilichofaa India hakiwi kipimo cha Njombe kwa sababu tu kimechapishwa juu ya mfuko. Wekundu wa udongo wetu ni oksidi ya chuma. Oksidi hiyo, pamoja na ile ya alumini, huishika fosfati kwa nguvu hata mahindi yakaikosa. Tena udongo wa nyanda hizi zenye mvua nyingi una asidi, na katika asidi unga wa zinki na wa shaba huyeyuka upesi zaidi. Kiasi kinachoponya mmea katika udongo wa chokaa chaweza kuudhuru huku kwetu. Na madini hayaozi kama samadi: yakizidi shambani, watoto wetu watayarithi pamoja na shamba.

Wako watakaosema kwamba twawatisha wananchi wasipokee maendeleo. La hasha! Wakulima wa kahawa walitumia mrututu miaka mingi, nao ni chumvi ya shaba. Hawakuukataa, bali walifundishwa kipimo chake. Twataka iwe vivyo hivyo sasa. Nchini India mbolea za chembe za namna hii zinauzwa tangu mwaka 2021, zikianza na ile ya urea, wala hakuna mpaka uwezao kuzuia biashara kwa muda mrefu.

Kwa hiyo twasema haya. Kwanza, sheria ya mbolea ya mwaka 2009 yataka kila mbolea isajiliwe kabla ya kuuzwa. Isiachwe njia ya pembeni kwa unga wowote utakaoitwa dawa ya nguvu au chakula cha majani. Pili, kituo cha utafiti cha Uyole kipewe fedha za kuujaribu unga huo katika mahindi na viazi, katika udongo wa Njombe wenyewe. Tatu, mkulima apimiwe udongo kwanza. Pengine atakuta kwamba chokaa na fosfati ya Minjingu, ambayo hufaa sana katika udongo wenye asidi, vyamtosha kwa bei nafuu. Nne, wafanyakazi watakaoufungasha, kuupakua na kuunyunyiza wapewe vifaa vya kuziba pua na mdomo. Mafundi wanaochomelea mabati wanaijua homa iletwayo na moshi wa zinki; mapafu ya kibarua si mahali pa kufanyia majaribio.

Ndugu wanachama na wafanyakazi, elimu hii tusiikimbie wala tusiipokee tukiwa tumefumba macho. Katika vikao vya vijiji na vya vyama vya ushirika, atakapokuja mwuzaji na mfuko wake, aulizwe swali moja: umepimwa wapi? Akishindwa kutaja udongo unaofanana na wetu, na arudi nao alikotoka.