Daftari la Wiki: Kinyundo Chini ya Land Rover

Gari kuukuu linaloendeshwa kwa magurudumu yote manne hukwama kwenye ukaguzi wa usalama barabarani kwa sababu zilezile zilizomfanya mnunuzi alipende: limeinuka, ni zito, hukubali kufunguliwa na kufungwa upya kwa spana chache, na limepita matopeni ambako gari dogo lisingethubutu. Kila sifa kati ya hizo huacha alama yake chini ya gari, mahali ambapo mnunuzi aghalabu hainami na ambapo mkaguzi hukaa muda mrefu zaidi.

*

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Land Rover ya Uingereza, iliyooneshwa hadharani mara ya kwanza mjini Amsterdam mwaka 1948, ambayo bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini kwa kuwa baada ya vita chuma kilitolewa kwa mgawo. Alumini haishiki kutu nyekundu, kwa hiyo gari la miaka thelathini huweza kusimama sokoni likiwa na milango inayong'aa, ilhali chasisi, yaani fremu ya chuma inayobeba bodi, injini na ekseli, imekwisha kuliwa kutoka ndani. Chasisi hiyo ni boriti zenye uwazi katikati mfano wa sanduku refu. Tope huingia humo, hukauka, hulowa tena, na katika nchi ambazo chumvi humwagwa barabarani wakati wa baridi ili kuyeyusha barafu, boriti ya nyuma huwa miongoni mwa sehemu za kwanza kutoboka. Mkaguzi wa Uingereza, katika kipimo kiitwacho MOT kilichoanza mwaka 1960, hugonga chuma kwa kinyundo chepesi na kusikiliza, kwani chuma kizima hulia na kilichooza hutoa sauti butu. Kutu ya juujuu haimsumbui. Kinachomsumbua ni kutu iliyodhoofisha chuma ndani ya sentimita 30 kutoka pale springi, usukani au mkanda wa kiti ulipofungwa, na kiraka anachokikubali hapo ni bati la chuma lililochomelewa, wala si puti iliyofunikwa kwa rangi. Rangi nyeusi mbichi chini ya gari la zamani hustahili kutiliwa shaka kuliko hata kutu yenyewe.

Pwani ya Afrika Mashariki haina barafu, lakini upepo wa bahari na mazoea ya kuteremsha gari hadi ufukweni hufanya kazi ileile polepole, na gari lililotumika Hokkaido, kaskazini mwa Japani, huweza kuteremka bandarini na kutu ya huko. Kenya huzuia uingizaji wa magari yaliyozidi miaka minane, kwa hiyo makuukuu yake ni yale yaliyozeekea nchini, mikononi mwa mafundi wanaoyafahamu.

*

Handibreki ya Land Rover za zamani ina jambo lake. Badala ya kubana magurudumu, hubana shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli ya nyuma, kwa ngoma iliyofungwa nyuma ya gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Sili ya hapo ikichakaa, oili huingia ndani ya ngoma na kulowesha viatu vya breki, na mwenye gari huendelea kukaza waya akidhani umelegea. Zaidi ya hayo, gari ambalo magurudumu yake manne huendeshwa wakati wote halipimwi kwa kuzungushiwa ekseli moja juu ya rola, kwa sababu ekseli nyingine hupokea nguvu na gari huweza kuruka kutoka kwenye mashine; hupimwa kwa kuendeshwa na kufungwa breki, huku chombo kikisoma jinsi mwendo unavyopungua. Kituo kisichojua hilo kinahatarisha gari na watu wake.

*

Arusha, ambako magari ya utalii hukatwa chasisi na kurefushwa ili yaongezwe safu ya viti, swali la ukaguzi hubadilika kabisa. Chuma kilichoongezwa huwa kipya na hakina kutu, lakini unene wake na mshono wa kuchomelea ndivyo vinavyobeba abiria, na kila kilichopita pale kilipokatwa, yaani bomba la breki, waya wa handibreki na shafti, kimelazimika kurefushwa pia. Kiungo cha bomba la breki kilichofichwa juu ya boriti, asikokiona mtu, ni kosa dogo la fundi hodari.

*

Kuinua gari kwa springi ndefu ni urembo wenye gharama. Japani, ambako ukaguzi uitwao shaken hufanyika miaka mitatu baada ya gari jipya la abiria kusajiliwa na kisha kila miaka miwili, kimo kinachozidi kile kilichosajiliwa kwa zaidi ya sentimita 4 huweza kudai kibali cha mabadiliko ya muundo. Sababu yake huonekana gari likipandishwa jeki: gurudumu linaponing'inia, mpira wa breki wa kimo cha zamani hukazika kama kamba ya nguo, na bushi, yaani vipande vya mpira vinavyotuliza viungo vya ekseli, hujipinda upande mmoja hadi kuchanika. Taa za mbele nazo huinuka na kummulika machoni anayekuja.

*

Tairi ni habari fupi. Uingereza na Japani zote hudai kina cha mikato kisichopungua milimita 1.6, na Japani tairi pana zilizotokeza nje ya mabega ya gari hukataliwa hata zikiwa mpya. Tairi ya akiba inayoning'inia mlango wa nyuma, ambayo haikuguswa kwa miaka kumi, ina mikato yote. Nyufa zake ziko ubavuni, upande ulioelekea jua.