Msahafu, Biblia na Kura Tatu

Kuanzia Ntalikwa hadi katikati ya mji wa Tabora, ambako Uislamu ulifika na misafara ya pembe za ndovu na Ukristo ukaja na wamisionari, hoja hii haikosi mtetezi: ukitaka kuelewa harakati za siasa, fungua kitabu cha dini cha wafuasi wake.

"Dini ya watu ndiyo siasa yao." Tuutazame mkutano wa chama cha TANU uliofanyika hapa Tabora Januari 1958. Kiongozi wake, Nyerere, alikuwa Mkatoliki, na Waislamu wa mijini ndio waliokibeba chama. Kilichowagawa wajumbe kilikuwa kanuni ya kikoloni iliyomtaka kila mpiga kura achague watu watatu: Mwafrika, Mzungu na Mwasia. Wagome au washiriki? Nyerere aliona kugoma ni kuwaachia wapinzani wao wa chama cha UTP viti vya bure, na hoja yake ikashinda. Zuberi Mtemvu akatoka, akaanzisha chama chake, ANC. Nionyesheni aya inayoeleza mgawanyiko huo! Sheria ya uchaguzi inaueleza vizuri tu. Mwaka huohuo Sheikh Suleiman Takadir, mwenyekiti wa Baraza la Wazee la TANU, alilalamika kwamba Waislamu wanaachwa nyuma, akafukuzwa chamani. Kwa hoja hii, Waislamu wangeondoka naye. Wengi walibaki, na AMNUT, chama cha siasa cha Waislamu, hakikupata nguvu.

"Ujamaa ni Matendo ya Mitume." Hapa pana chembe ya ukweli, sikatai. Nyerere, aliyewahi kufundisha St. Mary's hapa Tabora, baadaye alizitungia Injili na Matendo tenzi za Kiswahili. Hakuwa mgeni wa habari ya waumini wa kwanza waliogawana mali. Ila wale waligawana kwa hiari. Katika operesheni ya vijiji vya Ujamaa, miaka ya 1970, watu walihamishwa kwa amri, wengine nyumba zao zikibomolewa. Kisa cha hiari hakielezi lori la serikali mlangoni.

"Basi vitabu vya dini havifai kitu hapa." Hilo nalo nalikataa, tena kwa nguvu zaidi. Mwaka 1908 ilienea Lindi na kwingineko pwani barua iliyodaiwa kutoka Makka, ikihusishwa na Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume. Maofisa wa Kijerumani, waliotoka tu kwenye vita vya Maji Maji, waliiona kuwa wito wa uasi. Aliyezoea mawaidha ya Kiislamu angetambua ndani yake onyo la dhambi, Kiyama na wito wa kurudi kwenye sala. Barua za namna hiyo zilikuwa zimeshazunguka hadi Indonesia miaka mingi kabla. Kuyajua maandiko kungewapunguzia hofu maofisa hao. Uasi waliouogopa haukutokea.