Trekta la Baba na Mteremko wa Nyuma ya Nyumba

Mwezi huu tumeyaweka kando mambo ya jikoni, tunataka kuzungumza juu ya trekta. Wengine mtacheka, mtasema mashine ni mambo ya akina baba. Nasi tulidhani hivyo mpaka Novemba ya mwaka jana.

Nyumba yetu iko Lushoto, kwenye milima ya Usambara, na wanaokujua huko wanafahamu kwamba ardhi tambarare ni ya kutafuta kwa tochi. Mbele ya nyumba tuna uwanja wenye mwinamo mdogo tu. Nyuma ya nyumba ni habari nyingine, maana ardhi inateremka kwa ghafula hadi kwenye ukingo wa mawe, na chini ya ukingo ni kabichi za jirani. Majani yetu ni yale ya kikuyu, yanayotambaa na kufumana kama mkeka. Mvua ikinyesha, unayakata leo na wiki ijayo yanakudai tena. Kwa miaka mingi tuliyafyeka kwa mkono, siku mbili nzima, na usiku tukasuguana viuno kwa dawa ya kuchua.

Ndipo Baba watoto alipolipata trekta. Lilikuwa limetupwa kwenye banda huko chini, upande wa mashamba ya mkonge, kuku wakitagia kwenye kiti chake. Ni Ferguson TE20, dogo, la rangi ya kijivu, lenye uzito wa tani moja na kidogo. Matrekta ya aina hiyo yalitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia mwaka 1946 hadi 1956, nayo yalizidi 500,000. Baba watoto hachoki kuwasimulia wageni kwamba Edmund Hillary, yule aliyepanda Mlima Everest, alifika Ncha ya Kusini ya dunia tarehe 4 Januari 1958 akiwa na matrekta kama letu. Simulizi hiyo tumeisikia mara nyingi kuliko tulivyosikia simulizi ya posa yetu.

Lakini tuseme kweli, lilitusaidia. Alilitengeneza kwa miezi saba, akalifungia nyuma mashine ya kufyekea, na kazi ya siku mbili ikawa ya saa mbili. Kila Jumamosi watoto walikaa barazani kulitazama likinguruma. Kitindamimba wetu, mwenye miaka sita, hakutosheka kutazama. Alitaka kupanda.

Hapa ndipo tunapotaka mtusikilize vizuri. Aliyempandisha juu ya madigadi siyo baba yake. Ni sisi, mama yake. Mtoto huyu ni wa kuuliza maswali tangu alfajiri, na siku ya Jumamosi tuna nguo za wiki nzima, tuna maharage jikoni, tuna wageni wa jioni. Tuliona akikaa karibu na baba yake juu ya trekta anatulia. Tukamnyanyua, tukamwambia, "Shika vizuri, usimsumbue baba." Kisha tukarudi jikoni tukiwa na furaha ya mtu aliyepata yaya bila kumlipa mshahara.

Jumamosi ile ya Novemba manyunyu yalikuwa yamepita asubuhi na majani yalikuwa bado yamelowa. Baba watoto alimaliza uwanja wa mbele, akaona amalizie na mteremko wa nyuma. Alikuwa akishuka. Alipoukaribia ukingo alikanyaga klachi na breki ili asimame. Trekta halikusimama. Liliendelea kusukumwa mbele kama lina mtu nyuma yake, matairi yakateleza, likageuka ubavu na kuuvaa mti wetu wa mipea. Mtoto alichomoka kwenye madigadi akaangukia upande wa juu. Tulitoka mbio tukiwa na mwiko mkononi. Alikuwa amelala kwenye majani, mzima, macho wazi, na kutoka mguu wake hadi kwenye mashine ya kufyekea haikufika urefu wa mkono wa mtu mzima. Visu vilikuwa bado vinazunguka. Hatukuwahi kujua kwamba vinaendelea kuzunguka hata dereva akikanyaga klachi.

Tulimshukuru Mungu, kisha tukanyamaziana siku tatu. Akina mama mnaujua ukimya huo. Yeye aliona aibu, nasi tulikuwa na maneno makali yaliyojaa mdomoni, mengine ya kweli na mengine ya kisasi tu. Usiku wa tatu, watoto wakiwa wamelala, tulianza na lile lililokuwa letu. Tulisema, "Baba, mtoto tulimpandisha sisi, na hatukukuuliza kama ni salama." Hapo naye akaweza kusema lake, kwamba aliyaona majani yamelowa akapuuza. Hatufikiri angelisema kama tungeanza na la kwake.

Kesho yake alimwita fundi mmoja mzee aliyezeekea kwenye matrekta ya mkonge. Mzee alizunguka trekta, akatukalisha wote wawili barazani. Jambo hilo lilitufurahisha, maana wengi humweleza baba na kumwacha mama na chai. "Mama," alituambia, "trekta halikuasi. Lilifanya kama lilivyoundwa."

Alieleza hivi. Katika matrekta haya ya zamani, shafti inayozungusha mashine ya nyuma imeunganika na gia za magurudumu. Visu vizito vikishapata kasi havikubali kusimama mara moja. Ukikanyaga klachi umeitenga injini tu. Visu vyenyewe vinageuka kuwa injini, vinairudishia shafti nguvu, na shafti inayasukuma magurudumu. Kipo kiungo cha chuma kinachofungwa kwenye shafti, kinachoruhusu visu viendelee kuzunguka peke yake bila kuisukuma trekta. Letu halikuwa nacho. Na breki zake ni za magurudumu ya nyuma pekee, ambazo juu ya majani mabichi hazina cha kushika.

Tuliuliza lile lililotukosesha usingizi: je, lingepinduka? Mzee hakutuficha. Trekta likianza kupinduka huchukua chini ya sekunde mbili, dereva hana wakati wa kuruka, na letu halina fremu ya chuma ya kumkinga anayeendesha. Matrekta ya wakati ule hayakuwekewa. Uswidi ilianza kudai fremu hizo kwenye matrekta mapya mwaka 1959, Uingereza mwaka 1970. Baba watoto alitaka fundi wa kuchomelea amtengenezee ya mabomba. Mzee alikataa kabisa. Fremu ambayo haikujaribiwa inaweza kukunjika na kumwangukia mtu, na mkanda wa kiti bila fremu imara ni kumfunga mtu kwenye jeneza lake. Maneno mazito, lakini afadhali yalisemwa.

Basi tulipima ardhi. Kazi hii hata ninyi mnaweza kuifanya, haihitaji mtaalamu. Tulichukua ubao wa urefu wa mita 1 na pimamaji ya fundi uashi. Ncha moja ya ubao tuliilaza kwenye majani upande wa juu, ncha ya pili tukaiinua mpaka pimamaji ikaonyesha usawa, kisha tukapima kwa futikamba kutoka ncha hiyo hadi chini. Sentimita 27 ni sawa na nyuzi 15, na huo ndio mwinamo ambao mashine za kukata majani za kukalia huwa haziruhusiwi kuuzidi. Kwa trekta la zamani lisilo na kinga tungependa uwe mdogo zaidi. Uwanja wa mbele ulitupa sentimita 12. Nyuma tulipata 41. Baba watoto alirudia kupima mara tatu, akidhani pimamaji ni mbovu.

Mteremko ule haukatwi tena kwa trekta. Masika yalipofika tuling'oa majani ya kikuyu kwa mistari inayokingama na mteremko, tukapanda majani ya Guatemala na mabingobingo, kama wakulima wengi wa Usambara wanavyofanya kuzuia udongo usichukuliwe na maji. Tunayakata kwa mundu kidogo kidogo na ng'ombe anayala. Maziwa yameongezeka. Hilo hatukulipanga.

Trekta linabaki na kazi ya uwanja wa mbele, majani yakiwa makavu. Kiungo kile cha shafti kilipatikana Dar es Salaam baada ya kukisaka kwa wiki kadhaa, na magurudumu ya nyuma yalisogezwa nje ili yashike upana zaidi. Penye mwinamo anashuka moja kwa moja kwa gia ya kwanza aliyoichagua akiwa bado juu, hakatizi ubavuni, wala hakanyagi klachi katikati. Kupanda juu anazungukia barabarani. Injini ikiwaka, watoto wote wako barazani na mmoja wetu amekaa nao. Kufua kumehamia Ijumaa jioni.

Kitindamimba hakukubali kirahisi. Alilia, akasema baba hampendi tena. Tulimweleza kwamba trekta lina kiti kimoja, na madigadi siyo kiti. Akauliza atapanda lini. Tulimjibu kwamba huko Uingereza lilikotoka, sheria ya mwaka 1998 inamkataza mtoto wa chini ya miaka 13 kupanda trekta linapofanya kazi shambani. Alihesabu vidole vyake, akaomba na vya dada yake, akaenda kuandika 13 kwa mkaa kwenye mlango wa banda. Tumeiacha pale.