Kesi ya Ngedere, Hakimu Nyani

Lipo jambo linaloniudhi: mshitakiwa akiachiliwa na wazee wa mahakama, yaani raia wanaoketishwa kuamua kesi, wa kwenu mnampigia vigelegele, wa wenzenu mnalia kwamba haki imeuzwa. Nanyi ni watu wa dini, mnajua kiapo ni nini! Mkuki kwa nguruwe.

Mtanijibu kwamba uwezo wa wazee hao kumwachilia mtu hata sheria ikimbana ni ngao ya mnyonge. Sipingi. London, mwaka 1670, William Penn na William Mead walishitakiwa kwa kuhubiri barabarani, na wazee kumi na wawili wakakataa kuwatia hatiani kama hakimu alivyotaka. Wakafungiwa siku mbili bila chakula, maji, moto, wala hata chombo cha kukojolea. Hawakutikisika. Wakatozwa faini, Edward Bushell akaona heri jela kuliko kulipa, na mwishowe Jaji Vaughan akaamua kwamba mzee wa mahakama haadhibiwi kwa uamuzi wake. Hao ndio wanaume! Lakini angalieni: walimkatalia mwenye nguvu, na gharama waliilipa kwa matumbo yao wenyewe.

Sasa twendeni Mississippi, mwaka 1955. Emmett Till, mtoto mweusi wa miaka 14, aliopolewa mtoni, shingoni kafungiwa feni nzito ya mashine ya pamba kwa waya wa miiba. Mzee wa ukoo wake, Mose Wright, alisimama mahakamani akawanyooshea kidole washitakiwa Wazungu waliokuja kumchukua Till usiku. Wazee wa mahakama walijifungia dakika 67 tu, wakawaachilia, na mmoja wao akasema wasingechukua hata muda huo kama wasingesimama kunywa soda. Soda! Mnyonge gani alikingwa hapo? Uwezo ni ule ule wa akina Bushell, ila hapa mwamba ngoma kavutia kwake.

Basi tuwanyang'anye uwezo huo? Hasha; tungemrudishia hakimu wa Penn kiboko chake. Tazameni nani kaketishwa kwenye viti. Weusi ndio waliokuwa wengi katika wilaya ile ya Mississippi kesi ya Till iliposikilizwa, lakini hakuna hata mmoja aliyeandikishwa kupiga kura, na wazee walitolewa katika daftari la wapiga kura. Wanawake nao hawakuruhusiwa. Wala msijidai hayo ni ya Marekani tu: katika Kenya ya mkoloni Mzungu alihukumiwa na Wazungu wenzake, Mwafrika akawekewa wazee wa baraza ambao jaji hakulazimika kufuata ushauri wao. Kesi ya ngedere kapelekewa nyani.

Na hili siwezi kulinyamazia, ingawa ni la wenzangu wa kalamu. Januari 1956 gazeti la Look lilichapa maungamo ya Wazungu wale walioachiliwa, Roy Bryant na J. W. Milam, ambao walilipwa takriban dola 4,000. Walieleza jinsi walivyomuua mtoto yule, bila woga, maana sheria haikuruhusu washitakiwe tena kwa kosa lile lile. Wasomaji wakalinunua.