Mheshimiwa Waziri, ushuru wa Juni hutukuta tumeshavuna

Mheshimiwa Waziri wa Fedha,

Mimi ni mkamuaji wa alizeti hapa Sumbawanga, mwenye mashine moja, chujio na lundo la mashudu ambalo wafugaji wa nguruwe huligombea.

Kila bajeti ikikaribia, wenye viwanda vya kusafisha mafuta Dar es Salaam huomba ushuru wa mafuta ghafi ya mawese ushushwe. Sisi wa alizeti huomba upandishwe. Kila upande unadai kutetea kiwanda cha ndani, na hakuna anayedanganya. Mawese yanayoshushwa bandarini kutoka Malaysia na Indonesia ni malighafi ya mwenzangu wa Dar. Kwangu ni mshindani. Malighafi yangu, mbegu za alizeti, hutoka hapa jirani, Laela, Mpui na Matai, ndani ya magunia, na mara nyingi ina mchanga unaokula chuma cha kukamulia.

Mwaka 2018 Serikali ilipandisha ushuru wa mafuta ghafi ya kula kutoka asilimia 10 hadi 25, na wa yaliyosafishwa kutoka 25 hadi 35. Huku tulishangilia. Mwaka 2022 vita vya Ukraina vikapandisha bei dunia nzima, Indonesia nayo ikazuia mawese yake kwa wiki kadhaa. Msimu uliofuata bei ya alizeti ikaporomoka. Simlaumu anayetaka ushuru ushuke kwa kumwonea huruma mama anayenunua mafuta kwa kipimo. Naye ni mteja wangu.

Kinachotuumiza ni kalenda. Mkulima wa huku Ufipa hupanda alizeti mvua zikishakolea, na kuvuna kuanzia Mei. Bajeti husomwa Dodoma mwezi Juni, na viwango vipya huanza Julai mosi. Kwa hiyo amepanda kwa ushuru huu, anauza kwa ule. Nami nikijaza ghala Juni kwa mkopo, kisha ushuru ukashuka, mafuta ya Dar yatasafiri zaidi ya kilomita 1,000 na bado yatauzwa chini ya yangu. Lami ya kutoka Tunduma tuliyoililia miaka mingi inapitisha mizigo pande zote mbili! Nikiogopa kununua, mkulima anauza kwa bei ya kutupa, na mwakani anarudi kwenye mahindi.

Najua nitaambiwa kwamba viwango vya pamoja hupitishwa na mawaziri wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Ni kweli. Lakini ruhusa ya kutoza tofauti na viwango hivyo huombwa na nchi yenyewe, kwa kawaida kwa mwaka mmoja mmoja. Omba miaka mitatu, Mheshimiwa. Kiwango sikuchagulii; hata kikiwa chini ya asilimia 25 nitapiga hesabu nacho, mradi nikijue mapema. Kitangazwe Oktoba, wakati mkulima wa Kaengesa bado anaamua ekari ngapi za mahindi na ngapi za alizeti, na mimi sijaenda benki.

Wako,
Mkamuaji wa alizeti, Sumbawanga