Ametimuliwa na Nani?

Kiswahili cha kurasa za michezo ni tajiri wa maneno ya kumwondoa mtu kazini. Kocha hutimuliwa. Hupigwa kalamu. Hufungashiwa virago. Hupewa mkono wa kwaheri. Siku hizi, kwa Watanzania wa mitandaoni, kocha "kapewa thank you", na kila mtu anaelewa kwamba hapo hakuna shukrani yoyote.

Sasa vitazame vitenzi hivyo. Vyote viko katika kauli ya kutendwa. Anayetendwa tunamjua, jina lake lipo na picha yake ameinamisha kichwa ipo. Mtendaji je? Ile "na fulani" ambayo mwalimu wa sarufi alitufundisha kuiweka baada ya kitenzi, haipo. Virago vimefungashwa na mikono isiyoonekana. Mkono wa kwaheri umetolewa, lakini mwenye mkono hatumwoni.

Mtasema ni mtindo tu wa vichwa vya habari, nafasi ni finyu. Mimi nasema ni zaidi ya hapo. Kwa kumwacha mtendaji nje ya sentensi tumemwacha nje ya hadithi nzima, na ndiyo maana hadithi hii inarudiwa kila msimu na bado tunaishangaa.

Chukueni Ligi Kuu ya England, mwaka 2025. Nuno Espírito Santo aliimaliza ligi na Nottingham Forest katika nafasi ya 7, klabu ikarudi kwenye mashindano ya Ulaya baada ya karibu miaka 30. Agosti akasema hadharani kwamba uhusiano wake na mmiliki, Evangelos Marinakis, haukuwa tena kama zamani. Tarehe 31 Agosti Forest ikachapwa 3-0 nyumbani na West Ham. Tarehe 9 Septemba Nuno akaondolewa. Siku 18 baadaye alikuwa na kazi mpya. Wapi? West Ham! Wale wale waliomchapa. Na Graham Potter, kocha aliyeiongoza West Ham kumchapa Nuno, akatimuliwa ili kumpisha Nuno. Msimuliaji akituletea kisa hiki katika hadithi fupi, tutamwambia amezidisha chumvi.

Forest nao hawakukaa bure. Walimchukua Ange Postecoglou, ambaye Tottenham walikuwa wamemfukuza Juni, siku 16 tu baada ya kuwapa kombe la Europa League, taji lao la kwanza tangu 2008. Ni kweli kwenye ligi alikuwa amemaliza wa 17. Forest wakampa siku 39. Mechi nane, hakuna ushindi, kwaheri. Akaja Sean Dyche, aliyefukuzwa Everton Januari mwaka huo huo. Novemba haijafika, Forest wana kocha wa tatu.

Hebu tuulize swali la mtoto mdogo. Kama Nuno ndiye aliyekuwa tatizo, West Ham walimchukulia nini? Na kama hakuwa tatizo, Forest walimfukuzia nini? Majibu hayo mawili hayawezi kukaa nyumba moja. Lakini bodi za klabu zinaishi nayo raha mustarehe, kwa sababu zinajua jambo ambalo shabiki haambiwi: kocha mara nyingi si ugonjwa. Ndiyo maana haziogopi kumchukua aliyefukuzwa na jirani. Mtu akiachishwa kazi benki kwa upotevu wa fedha, benki ya ng'ambo ya barabara haimpi funguo za kasha wiki mbili baadaye. Kwenye mpira anapewa, na anafanyiwa na sherehe ya kutambulishwa.

"Lakini timu huwa inaamka kocha mpya akija!" Huamka, ndiyo. Mchumi Mholanzi Bas ter Weel aliichunguza ligi kuu ya Uholanzi, misimu ya kuanzia 1986 hadi 2004. Alizilinganisha timu zilizofukuza kocha baada ya kudorora na timu zilizodorora vilevile lakini zikambakiza kocha wao. Timu za aina zote mbili ziliinuka, na kwa namna inayofanana. Ni kama mafua. Yatapona yenyewe, lakini aliyekunywa dawa ataisifu dawa mpaka mwisho wa maisha yake.

Na kuna wakati mafua hayaponi. Watford, chini ya familia ya Pozzo, walitumia makocha watatu msimu wa 2019/20, wakashuka daraja. Wakapanda tena, na msimu wa 2021/22 wakatumia watatu tena, mmoja wao Claudio Ranieri aliyekuwa bingwa na Leicester mwaka 2016. Wakashuka tena. Msimu wa 2022/23 Leeds na Southampton kila moja ilipitisha makocha watatu, na zote mbili zikashuka. Leeds walimwita Sam Allardyce zikiwa zimebaki mechi nne. Akapata pointi moja.

Sitaki kuwa mwongo: wapo waokoaji kweli. Allardyce huyo huyo aliinusuru Sunderland mwaka 2016. Mwaka uliofuata, yeye akiwa ameshaondoka, Sunderland wakashuka, na 2018 wakashuka tena hadi daraja la tatu. Dyche aliinusuru Everton siku ya mwisho ya msimu wa 2022/23. Msimu uliofuata Everton wakakatwa jumla ya pointi nane kwa kukiuka kanuni za fedha. Hakuna kocha anayesaini vitabu vya hesabu. Mwokozi alizima moto sebuleni wakati mwenye nyumba anamwaga petroli jikoni.

Huku kwetu nako tusijifanye hatuhusiki. Tarehe 15 Novemba 2024 Yanga walimwondoa Miguel Gamondi, aliyewapa ubingwa msimu uliotangulia, baada ya kupoteza mechi mbili mfululizo, dhidi ya Azam na Tabora United. Akaja Sead Ramović. Hakumaliza miezi mitatu, akaenda zake CR Belouizdad ya Algeria. Akaja Miloud Hamdi, na Yanga wakachukua ubingwa. Wengine watasema, si unaona, kubadilisha kocha kunalipa! Mimi naona kinyume. Timu iliyobeba kombe chini ya Gamondi ikalibeba tena katika msimu wa makocha watatu tofauti. Hapo aliyekuwa na nguvu ni nani, aliyekaa benchi au kikosi na walioulipia kikosi? Na kama kikosi ndicho kinacholeta ubingwa, basi kikosi kibovu nacho kina mwenyewe. Tumtafute.

Makocha wenyewe siwalilii sana. Mikataba yao ni minono, na wengi wanajua wanachosaini. Ninaowalilia ni wengine. Kuna shabiki anayelipa tiketi ya msimu na kuambiwa kila baada ya miezi minne kwamba sasa ukurasa mpya umefunguliwa. Kuna mfanyakazi wa ofisini na wa jikoni ambaye timu ikishuka daraja anaondoka bila mkutano na waandishi wa habari. Na kuna kocha kijana wa timu ya vijana, aliyesubiri miaka kumi, ambaye nafasi ikitokea anaambiwa "tunahitaji mtu mwenye uzoefu". Uzoefu upi? Wa kufukuzwa mara sita?

Magazeti yetu husema kocha mpya "amerithi mikoba". Ni msemo sahihi kuliko wanavyodhani waandishi wake. Mrithi hachagui kilichomo kwenye mikoba. Anakuta mshambuliaji aliyenunuliwa kwa sababu wakala ni rafiki wa tajiri, beki aliyezeeka ambaye mkataba wake bado miaka mitatu, na deni. Anaibeba mikoba kwa miezi kadhaa, kisha anampokeza mwingine ikiwa vilevile. Aliyeijaza hajawahi kuibeba hata siku moja.

Sisi tunaopenda maneno tunaweza kuanza na kitu kidogo. Turudishe kauli ya kutenda. Badala ya "Nuno atimuliwa", tuandike "Marinakis amfukuza Nuno". Badala ya "kocha mpya Watford", tuandike "Pozzo aajiri kocha mwingine", na pembeni tuweke hesabu: huyu ni wa ngapi kwa mmiliki huyu, na wachezaji waliopo walinunuliwa na nani. Tuweke na picha yake yeye, si ya yule aliyeinamisha kichwa.

Haitazuia kocha hata mmoja kufukuzwa, hilo nalijua. Tajiri hasomi blogu za fasihi. Lakini anasikia uwanja unapoimba, na uwanja huimba jina unalolijua. Kwa miaka yote hii tumeufundisha jina la kocha peke yake.